Kura na Mkono wa Mwamba Ngoma

Wahenga walisema kuwa mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Methali hii aghalabu hutumiwa kumsuta mtu mwenye choyo, ambaye kila agawapo kitu hujipendelea nafsi yake. Lakini ukiitazama vema utaona kuwa haikusema kwamba mwamba ngoma ni mtu mwovu. Ngozi i mkononi mwake, naye ameketi upande mmoja wa mzinga. Akivuta atavuta kuelekea alipo, apende asipende. Kosa halimo moyoni mwake, bali limo mahali alipoketi. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi elimu ya nafsi, iitwayo siku hizi saikolojia, ilivyoijua kweli hiyo kwa taabu, na jinsi ilivyotafuta, kwa muda wa zaidi ya miaka mia, mkono wa kugawia watu usiokuwa na upande wa kuketi. Mkono huo ni kura.

Nitaanza kwa kosa langu mwenyewe, maana si haki kuhesabu makovu ya wengine na kulifunika la kwako. Miaka kadhaa iliyopita nilitaka kujua kama mwanafunzi hulikumbuka zaidi shairi alilolisikia likighanwa kuliko shairi alilolisoma kimya. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na sifichi kuwa nilikuwa na hamu ya kuthibitisha kwamba sauti ina nguvu kuliko karatasi. Niliwagawa wanafunzi wangu kwa njia iliyokuwa nyepesi: nusu ya mbele ya ukumbi ilisikiliza, na nusu ya nyuma ilisoma. Juma la pili nilipowapima, waliosikia waliwashinda waliosoma kwa mbali, nami nikafurahi sana. Mwenzangu mmoja, mwalimu wa hesabu, alipoisikia furaha yangu aliniuliza swali moja tu: "Ndugu yangu, ni nani wakaao viti vya mbele?"

Sikuwa na jawabu. Viti vya mbele hukaliwa na wawahio kufika, walipendao somo, na waonao haya kusinzia machoni pa mwalimu. Viti vya nyuma vina watu wake pia, na kila mwalimu anawajua. Nilikuwa nimeshindanisha ari na ulegevu, nikadhani kuwa nimeshindanisha sauti na karatasi. Sikudanganya mtu kwa kusudi. Niliivuta ngozi kwangu tu.

Mtu atakaye kujua nguvu ya jambo fulani juu ya akili au tabia ya binadamu hana budi kulinganisha, na atakaye kulinganisha hana budi kugawa. Njia za kugawa ni tatu. Ya kwanza ni kumpitisha mtu yule yule katika hali zote, moja baada ya nyingine, ili alinganishwe na nafsi yake. Ya pili ni kufanya makundi ya watu mbalimbali, kila kundi likapewa hali yake. Ya tatu ni kuwaoanisha wawili wawili watu wanaofanana kwa umri, akili na malezi, kisha kuwatenganisha, mmoja huku na mwenziwe kule. Njia ya kwanza huhitaji watu wachache, lakini mtu aliyepita hali ya kwanza huingia ya pili akiwa amekwisha kuzoea au amechoka. Njia ya pili haina ila hiyo, lakini huhitaji watu wengi, na tofauti za maumbile yao huweza kujifanya tofauti za hali walizopewa. Njia ya tatu yataka kuokoa faida za zote mbili, lakini hufananisha yale tu yaonekanayo. Hata hivyo njia zote tatu humfikisha mjaribu kwenye mlango mmoja: ni nani wa kuamua kipi kitangulie, au nani aende wapi?

Mwaka 1860 Gustav Theodor Fechner, mwanachuoni wa Leipzig katika Ujerumani, alitoa kitabu chake Elemente der Psychophysik. Alitaka kupima hisi za binadamu kama vile mfanya biashara apimavyo mchele. Mtu hushika uzito wa namna moja, kisha mwingine uliozidi kidogo, na huulizwa upi ni mzito zaidi. Fechner mwenyewe aliinua mizigo hiyo maelfu ya mara. Alishikilia kuwa nafsi ina kizingiti chake: tofauti iliyo ndogo mno haipiti, na mtu haijui kabisa. Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alianzisha katika mji ule ule maabara iliyokuwa mashuhuri ya saikolojia, na wanafunzi walikwenda huko kutoka nchi nyingi. Katika maabara za namna ile washiriki walikuwa wachache, tena mara nyingi ni walimu na wanafunzi wao wenyewe. Mpimaji na mpimwaji walikula meza moja, wakijua wote wawili kinachotazamiwa.

Wa kwanza kuona hatari iliyokuwamo walikuwa watu wawili wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Mmoja ni Charles Sanders Peirce, mwanafalsafa na mjuzi wa mantiki. Wa pili ni mwanafunzi wake Joseph Jastrow. Kuanzia mwezi wa Desemba 1883 walifanya majaribio yao juu ya tofauti ndogo za uzito. Mmoja aliuweka mkono wake mahali pa kusikia uzito, asiweze kuona yatendekayo. Mwingine aliongeza na kupunguza uzito mdogo juu ya ule mkubwa wa kilo moja. Swali lao lilikuwa gumu: je, mtu asemaye kuwa haisikii tofauti, naye akalazimishwa kubahatisha, atapata na kukosa sawasawa, au atapata zaidi ya nusu?

Hapo ndipo mpango wa nani atangulie ulipokuwa jambo kubwa. Kama mwendesha mizani angechagua mwenyewe wakati wa kuongeza na wakati wa kupunguza, angefuata mtindo fulani bila ya kujijua. Mara tatu angeongeza, kisha angeona aibu kuongeza mara ya nne. Na mpimwaji, ambaye naye ni binadamu, angeunusa mtindo huo. Basi jawabu sahihi lingeweza kutoka kwenye akili iisomayo akili, si kwenye mkono uusikiao uzito. Peirce na Jastrow walichukua karata za kuchezea, nyekundu na nyeusi, wakazichanganya. Kila karata iliyofunuliwa iliamua la kufanya. Hukumu ya mtu iliondolewa, karata ikawekwa mahali pake. Matokeo yalikuwa kinyume cha fikira ya Fechner: hata pale mtu alipoungama kuwa hana hakika yo yote, majawabu yake yalikuwa sahihi zaidi ya nusu. Nafsi ilijua yale ambayo mwenyewe hakujua kuwa anayajua. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1885 na Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani.

Katika mwaka 1884, huko Ufaransa, Charles Richet, mganga aliyepata baadaye tuzo ya Nobel, alitumia karata zilizotolewa kwa nasibu kuchungulia kama mtu aweza kujua karata iliyomo mawazoni mwa mwenziwe. Jambo lenyewe ni la kutiliwa shaka, lakini njia ilikuwa ya busara. Twaona basi kuwa nasibu, ambayo wachaji waliihesabu kuwa ni mchezo wa wavivu, iliingia katika elimu ya nafsi kwa mlango wa wacheza karata. Tena iliingia pale ambapo mjaribu alikuwa na sababu kubwa ya kuogopa kudanganywa. Baada ya hapo mlango ule ulisahauliwa kwa miaka mingi.

Makundi mawili hayakuzaliwa maabara, yalizaliwa shuleni. Mwishoni mwa karne ya 19 walimu wa Ulaya na Marekani walisadiki kuwa Kilatini na hesabu hunoa akili yote, kama vile kisu kinolewacho kwa jiwe moja kikaweza kukata kila kitu. Mwaka 1901 Edward Thorndike na Robert Woodworth walitangaza majaribio yaliyolitia imani hiyo shaka: mtu aliyezoezwa kukadiria maumbo ya namna moja hakufaidika sana katika kukadiria mengine. Lakini jinsi ya kulijaribu jambo hilo kwa watoto wengi ilileta taabu mpya. Mtoto aliyezoezwa kukariri kwa majuma kadhaa, akapimwa tena, huonekana amezidi; lakini je, amezidishwa na mazoezi, au ni kwa sababu amekua, au kwa sababu amekwisha kuuzoea mtihani? Ndipo W. H. Winch, mkaguzi wa shule wa London, katika taarifa yake ya mwaka 1908, alipowapima watoto kwanza, akawagawa makundi mawili yaliyolingana kwa alama, kundi moja likazoezwa kukariri na jingine likashughulishwa na kazi nyingine. Kundi la pili lilikuwa kioo cha la kwanza.

Huo ulikuwa uvumbuzi mkubwa. Hata hivyo mkono ugawao ulikuwa bado ni wa mwalimu. Winch alilinganisha alama. Hakuweza kulinganisha ari, shibe, upendo wa nyumbani, wala yale elfu na moja yasiyokuwa na alama. Mwaka 1923 William McCall, wa chuo cha walimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alitoa kitabu cha kufundisha namna ya kufanya majaribio ya elimu. Ndani yake alieleza njia ya kundi moja, njia ya makundi yaliyo sawa, na njia ya makundi yapokezanayo hali kwa zamu. Akaongeza kuwa usawa wa makundi waweza kupatikana kwa nasibu, maadamu watu wawe wengi vya kutosha. Lilikuwa neno dogo katika kitabu kikubwa, na wengi walilipita. Walipendelea kulinganisha kwa mkono, kwa kuwa kulinganisha huonekana kuwa ni kazi, na kupiga kura huonekana kuwa ni uvivu.

Aliyelikuza neno hilo likawa elimu kamili ni Ronald Fisher, Mwingereza aliyeingia mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted. Kazi yake ilikuwa mashamba, mbolea na mavuno. Udongo haufanani, pembe hii ina rutuba na pembe ile ina mawe, na mkulima apendaye mbolea yake ataiweka, bila ya kujijua, penye rutuba. Fisher alifundisha kuwa vipande vya shamba vigawiwe kwa kura. Lakini alipotaka kuieleza hoja yake kwa watu wote, katika kitabu chake cha mwaka 1935, The Design of Experiments, hakuanza na shamba. Alianza na jaribio la elimu ya nafsi. Kuna bibi asemaye kuwa akionja chai aweza kujua kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. Inasimuliwa kuwa bibi huyo alikuwa Muriel Bristol, mtaalamu wa miani aliyefanya kazi pale pale Rothamsted.

Fisher asema: tengeneza vikombe 8, vinne vya namna hii na vinne vya namna ile, na mwambie bibi kuwa viko vinne vinne. Halafu mpe kwa utaratibu ulioamuliwa na nasibu. Njia za kuchagua vikombe vinne katika vinane ni 70; kwa hiyo mtu asiyejua kitu, ambaye anabahatisha tu, atavipata vyote mara moja katika 70. Akivipata vyote, tuna haki ya kustaajabu, na kiasi cha kustaajabu kwetu kina hesabu yake.

Fumbo liko katika neno nasibu. Ungeweza kusema kuwa ni bora kuhakikisha vikombe vyote ni sawa kwa unene, joto na sukari. Fisher ajibu kuwa huwezi. Hata ukisawazisha mambo kumi, la kumi na moja litakuponyoka, kwa sababu orodha ya tofauti haina mwisho, na yale usiyoyajua huwezi kuyaandika katika orodha. Kura haijui orodha, nayo hiyo ndiyo nguvu yake. Haisemi kuwa makundi yatakuwa sawa kabisa. Husema kuwa hakuna tofauti, ijulikanayo au isiyojulikana, itakayopendelewa, na kuwa kosa linalobaki laweza kuhesabiwa. Anayeoanisha kwa mkono hujilinda na maadui anaowaona. Apigaye kura hujilinda na wale wasioonekana pia, na kadiri watu wanavyozidi kuwa wengi ndivyo ngao yake inavyozidi kuwa pana.

Kabla ya kitabu hicho kutoka, lilitokea jambo katika Scotland ambalo nadhani kila mwalimu angelisoma mara mbili. Katika mwaka 1930, tangu Februari hata Juni, watoto wa shule wapatao 20,000 wa wilaya ya Lanarkshire walishirikishwa katika jaribio la maziwa. Nusu yao walipewa maziwa kila siku, wengine mabichi na wengine yaliyochemshwa kidogo kuua vijidudu. Nusu ya pili hawakupewa, ila walipimwa tu urefu na uzito. Mahali pengine watoto waligawiwa kwa kura, mahali pengine kwa kufuata herufi za majina. Lakini iliachwa ruhusa moja: kundi likionekana kuwa na watoto wengi mno walioshiba au wengi mno waliodhoofika, walimu waweza kubadili baadhi yao ili kupatanisha.

Mwaka 1931 mtu aliyejiita Student, ambaye jina lake halisi ni William Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness cha Dublin, aliyachunguza matokeo. Aliona kuwa watoto wasiopewa maziwa walikuwa, tangu siku ya kwanza, warefu na wazito kuliko waliopewa. Sababu yake aliitambua kwa upole. Walimu waliwaona watoto maskini, wenye mashavu yaliyobonyea, na mkono wao uliwasogeza kuelekea kwenye maziwa. Zaidi ya hayo, watoto walipimwa wakiwa wamevaa nguo zao, nzito wakati wa baridi na nyepesi wakati wa joto; na mtoto wa tajiri ndiye mwenye koti zito la kuvua, kwa hiyo mizani ilimwonyesha kuwa amepungua wakati yeye hakupungua. Jaribio kubwa kama lile, lenye gharama kama ile, likawa halina uwezo wa kujibu sawasawa swali lake kubwa. Gosset alieleza kuwa jozi chache za mapacha waliofanana kabisa, mmoja akapewa maziwa na mwenziwe asipewe, zingefundisha zaidi kuliko maelfu wale.

Mtu gani atawalaumu walimu wale? Mimi siwezi. Lakini huruma yao haikuwasaidia watoto wa Scotland nzima, ambao walihitaji kujua kwa hakika kama maziwa yanafaa kulipiwa na serikali. Huruma iliyomwona mtoto mmoja iliwaficha maelfu. Hapa ngozi haikuvutwa na choyo; ilivutwa na moyo mwema. Nami naona kuwa moyo mwema ni mvutaji wa kuogopwa zaidi, kwa sababu hakuna amshukuye.

Si haki kumpa Fisher ushindi wote. Gosset mwenyewe, hata alipofariki mwaka 1937, hakukubali kuwa kura ni bora daima. Aliona kuwa mpango uliosawazishwa kwa akili hupunguza makosa kuliko kuacha mambo yote kwa bahati. Wakati ulijibu kwa kuwapatanisha: oanisha kwanza yale unayoyajua, kisha yaliyobaki yaamuliwe na kura. Elimu hiyo ilivuka kutoka mashambani ikaingia madarasani. Mwaka 1940 E. F. Lindquist wa Iowa alitoa kitabu cha hesabu za utafiti wa elimu kilichowafundisha walimu na wanasaikolojia njia za Fisher; na mwaka 1963 Donald Campbell na Julian Stanley waliandika maelezo yaliyokuwa msahafu wa watafiti wengi, wakionyesha jinsi kila jaribio lisilokuwa na kura linavyoacha mlango wazi kwa maelezo mengine.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha miji miwili jirani na Boston, yaani Cambridge na Somerville. Richard Cabot, mganga na mwalimu wa maadili wa Harvard, alitaka kujua kama urafiki wa mtu mzima mwema waweza kumwepusha mtoto na uhalifu. Wavulana walioanishwa wawili wawili kwa umri, akili, nyumba na mtaa. Kisha sarafu ilirushwa kwa kila jozi. Mmoja alipewa mshauri wa kumtembelea, kumfunza masomo, kumpeleka kwa mganga na kambini wakati wa likizo. Mwenziwe aliachwa na maisha yake. Kazi ilianza mwaka 1939, mwaka ambao Cabot mwenyewe alifariki, ikaendelea hata 1945. Waliodumu katika hesabu walikuwa wavulana 506, yaani jozi 253.

Miaka 30 baadaye Bibi Joan McCord aliwatafuta, wakiwa sasa ni watu wazima, na mwaka 1978 akatangaza alichokipata. Wengi wa waliosaidiwa walisema kuwa walifaidika, na baadhi yao waliwakumbuka washauri wao kwa upendo. Lakini walipolinganishwa na wenzi wao walioachwa, hapakuonekana jambo hata moja ambalo msaada ule uliwazidishia heri. Na katika mambo kadhaa, kama dalili za ulevi, maradhi ya fadhaa, na kurudia makosa, waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya zaidi.

Fikiri, msomaji, kama sarafu isingelirushwa. Kama washauri wangeliachiwa wachague wenyewe, wangelichagua walio wahitaji zaidi, na matokeo mabaya yangeliambiwa kuwa ni ya uhitaji wao. Au wangelichagua wenye tabia nzuri, na matokeo mema yangeliambiwa kuwa ni ya ushauri. Ushuhuda wa waliosaidiwa ungelitosha kuzitetea kazi za namna ile katika miji mingine mingi, na hakuna ambaye angelijua. Sarafu, isiyo na moyo, ndiyo peke yake iliyosema neno lililowauma wenye mioyo.

Hapa mtu ataniuliza swali lililo zito: je, ni haki kumnyima mtoto msaada kwa sababu sarafu imeanguka upande wa pili? Najibu kwamba swali hilo lina sharti ndani yake. Huhesabu kuwa msaada umekwisha kujulikana kuwa ni msaada. Ukijulikana, kura ni dhuluma, na jaribio halina haja. Usipojulikana, hatujui ni yupi anyimwaye. Tena mara nyingi kitu chenyewe hakitoshi. Jaribio la Uingereza la dawa ya streptomisini juu ya kifua kikuu, lililotangazwa mwaka 1948, lilifanywa wakati dawa ilikuwa haba mno nchini. Majina ya makundi yalifungwa ndani ya bahasha, ili daktari asijue mgonjwa wake atakwenda wapi kabla hajampokea. Panapokuwa na uhaba, kugawa kwa upendeleo hakupunguzi wanaokosa. Huwapunguza tu wasiojulikana na wakubwa.

Mambo haya yamefika kwetu pia. Tangu mwaka 1998, katika wilaya ya Busia, magharibi ya Kenya, shule 75 ziliingizwa katika mpango wa kuwapa watoto dawa za minyoo, ili kutazama afya yao, mahudhurio yao shuleni na masomo yao. Fedha na watu havikutosha kuanza pote kwa mara moja, kwa hiyo shule zilifanywa mafungu matatu ya 25, kila fungu likingojea mwaka wake. Mafungu hayo hayakupigiwa kura. Shule ziliorodheshwa kwa eneo na kwa alfabeti, kisha zikahesabiwa moja, mbili, tatu. Michael Kremer, aliyeandika taarifa yake mwaka 2004 pamoja na Edward Miguel, alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na wenzi wawili. Watu wamebishana sana juu ya hesabu za taarifa hiyo. Mimi nataka kulitaja jambo moja tu: alfabeti ni karibu na kura, lakini si kura. Haina huruma wala chuki, na hilo ni jema. Lakini orodha iliyo wazi hujulikana mapema, na kijulikanacho mapema chaweza kupindwa na mwenye mkono. Hatusemi kuwa Busia kilipindwa. Twasema kuwa mwenye kutaka kuaminiwa huchagua njia ambayo hata adui yake hawezi kuitilia shaka.

Na lugha yetu yatusaidia kutofautisha mambo mawili ambayo wanafunzi huyachanganya. Kuchagua si kugawa. Kura ya kugawa hutuambia kuwa ndani ya watu hawa, jambo hili lilileta tofauti ile. Haituambii kuwa watu hawa ni mfano wa binadamu wote. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzi wake walikumbusha kuwa sehemu kubwa ya majaribio ya saikolojia ilifanywa kwa watu wa nchi za Magharibi, wengi wao wakiwa wanafunzi wa vyuo, nao walihesabiwa kana kwamba ni wanadamu wote. Wanafunzi wale waligawiwa kwa haki, lakini hawakuchaguliwa kutoka katika sisi. Mwenye kupiga kura ndani ya nyumba yake asidhani kuwa amepiga kura ya kijiji.

Neno kura tulilipokea kutoka Kiarabu, na nasibu vilevile, ambalo asili yake ni fungu la mtu, lile alilojaliwa. Katika Kiswahili cha leo kura imekuwa pia ni haki ya raia sandukuni. Huona maana hizo mbili zimekaribiana kuliko zionekanavyo. Katika zote mbili mwenye nguvu hukubali kuuondoa mkono wake katika jambo ambalo angeweza kuliamua peke yake, na hukubali mapema jawabu ambalo huenda asilipende.

Mwaka uliofuata kosa langu nililirudia jaribio la shairi. Niliandika majina ya wanafunzi katika vipande vya karatasi, nikavitia katika kofia, na mwanafunzi mmoja akavitoa macho yamefumbwa. Waliokaa mbele na waliokaa nyuma walichanganyika. Tulipopima, waliosikia na waliosoma walikuwa karibu sawa, na tofauti ndogo iliyobaki ilikuwa upande wa karatasi. Sikuipenda. Nilikwenda ofisini kwa mwenzangu wa hesabu kumwambia, naye hakucheka. Aliniuliza tu kama darasa lilikuwa kubwa vya kutosha kuiamini tofauti ndogo kama ile. Halikuwa. Basi sauti na karatasi bado zina kesi, nami bado naamini kuwa sauti itashinda. Ndiyo maana majina yataendelea kutolewa kofiani, tena si kwa mkono wangu.